Nifundishe Kulala

Wajukuu zangu wananigombeza siku hizi. Wakiamka alfajiri kwenda shule au kazini wananikuta jikoni, moto umeshawaka, chai imechemka ikapoa nikaipasha tena, basi wanaanza: "Bibi, wewe hulali? Bibi, utaugua." Mmoja ameniletea vidonge. Nimeviweka kabatini, na hata panya hawajavigusa. Mimi siumwi. Nimezeeka tu, na mtu akizeeka usingizi wake unahama, kama kuku anayeacha kiota chake akaenda kutagia kichakani. Mayai yapo, ila huyapati pale ulipozoea kuyaokota.

Jambo hili sikulisoma mahali. Shule yangu ilikuwa ndogo. Nilijua kusoma katekisimu na kuandika barua fupi, kisha mama akanihitaji shambani, ikawa basi. Nilifundishwa na mama mkwe wangu, miaka ile ya hamsini, tulipokuwa tumepanga Kihesa, Iringa. Naye hakujua kwamba ananifundisha. Alidhani mimi ndiye mwalimu.

Nianze na usingizi wangu mwenyewe, maana ulikuwa na sifa mpaka vijiji vya jirani. Kwetu ni upande wa Ilula, Uhehe. Nikiwa msichana nilipelekwa kulinda ulezi usiliwe na ndege. Nikapanda juu ya dungu na teo langu la kurushia mawe, nikakaa, nikaegemea mti. Ndege walikula, wakashiba, wakaenda kuwaita wenzao, na mimi nimelala. Mama alinikuta jioni. Hakunipiga. Alinitazama tu, akamwambia shangazi yangu: "Huyu ataolewa amelala, atazaa amelala, na siku akifa hatutajua tofauti."

Nikaolewa kweli. Mume wangu alikuwa Mnyakyusa wa Mbeya, dereva wa lori la mizigo, anakwenda Mbeya na kurudi Iringa, kiangazi vumbi, masika matope. Naye akilala ni gogo. Siku akiwa nyumbani jogoo alikuwa anawika bure.

Tulipanga chumba na sebule ndogo katika nyumba ya mzee mmoja Mwislamu, ambaye baba yake alitoka pwani na biashara akazikwa hukuhuku baridini. Nyumba ilikuwa na ua mmoja, jiko moja la nje, na wapangaji kila upande. Hapo ndipo nilipojifungua mtoto wa kwanza, na hapo ndipo usingizi wangu ulipoanza kunitia aibu. Mtoto analia kwenye sikio langu, mimi namsikia kama analia ng'ambo ya mto. Namwota. Jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta: "Mama, huyo mtoto ni wa nani?" Ndipo naamka, titi limeshalowesha shuka, mtoto sauti imemkauka.

Nilijiona mama mbaya. Nilifunga kidole changu cha mguu kwa kamba, mwisho wa kamba nikaufunga kwenye nepi ya mtoto, ili akirusha miguu anivute. Akarusha miguu, nepi ikatoka, mimi nikaendelea kulala.

Wakati huo baba mkwe wangu alikuwa amefariki kule kwao Uyole, Mbeya. Shemeji yangu wa pekee alikwenda Afrika Kusini kwenye migodi na habari zake zikakatika. Mama mkwe akabaki peke yake, mvua ikaja ikaangusha ukuta wa upande mmoja wa nyumba yake. Mume wangu akasema, "Namleta mama."

Alimleta mchana, jua linaanza kulegea. Mimi nilikuwa nimelala, mtoto amelala pembeni yangu. Nikasikia honi, nikaruka, nikatoka nje naifunga kanga huku nakimbia. Mama mkwe alikuwa anashuka kwenye lori, mwanamke mwembamba, mrefu, ameshika mkungu wa ndizi ambao alikuwa ameupakata njia nzima kwa sababu hakutaka ukae nyuma na magunia. Akanitazama usoni, akaniuliza:

"Ugonile?"

Sasa, kwa Kihehe na kwa Kinyakyusa kugona ni kulala, neno ni lilelile. Kwa hiyo nilisikia vizuri kabisa. Mama mkwe wangu, hata mguu wa pili haujagusa ardhi, ananiuliza kama nilikuwa nimelala. Nikapiga magoti, nikasema, "Hapana mama, sikulala. Nilikuwa nachambua maharage."

Alama za mkeka zilikuwa zimejichora shavu zima.

Mume wangu alicheka akaegemea lori. Alipopata pumzi akanieleza kuwa kwao hiyo ndiyo salamu. Asubuhi, mchana, jioni, mtu akikutana na mwenzake anamuuliza kama amelala, na mwenzake anajibu "ndaga", yaani ahsante. Sisi Wahehe tunasema kamwene, unajibiwa kamwene, kila mtu anaendelea na njia yake. Wao wanataka kujua usingizi wako.

"Ndaga," nikajibu, nimechelewa.

"Na maharage yako wapi?" akauliza mama mkwe. Nikajua nitaishi na mtu mwenye macho.

Kiswahili alikuwa nacho kidogo, akakitumia chote. Salamu yake aliigeuza kama ilivyo, akawa anawapa watu wa Kihesa: "Umelala?" Anampa muuza unga, anampa askari aliyesimama njiani, anawapa wanawake kwenye bomba la maji. Kijana mmoja alimjibu, "Mama, sasa hivi saa saba mchana, nilale na ndoo kichwani?" Yeye akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema ndaga, akapita. Hakuwa anasikiliza jibu. Nani husikiliza jibu la salamu?

Usingizi wake ulikuwa kinyume na wangu. Kuku wakipanda bandani naye anakwenda kulala. Jogoo wa kwanza hajawika yeye ameshaamka, na akiamka ameamka, hakuna kujigeuza. Anatoka nje kwenye baridi ile ya Iringa amejitanda kaniki na blanketi, anawasha moto, kisha anachukua ufagio na kufagia ua. Jua likichomoza na kupasha ukuta, anakaa chini na kuuegemea, na hapo anachukua usingizi wake vipande vipande. Unaongea naye, unakuta mwenzako ameondoka. Baada ya muda anafumbua macho na kumalizia sentensi yake palepale ilipokatikia.

Mtu pekee aliyeamka saa zake alikuwa mwenye nyumba, akielekea msikitini. Walikutana kila alfajiri mlangoni.

"Umelala?" anauliza mama mkwe.

"Nimelala salama, bi mkubwa. Wewe je?"

"Ndaga."

Siku moja adhana ilikuwa inasikika, akaniuliza huyo anayeita anasema nini. Nilikuwa nimeelezwa na mwenye nyumba, nikamwambia anasema swala ni bora kuliko usingizi.

"Huyo anayeita ni mzee?"

"Ni mzee."

"Nilijua. Kijana hawezi kusema hivyo."

Lakini la muhimu ni hili. Katika saa hizo ambazo yeye yuko macho, alikuwa anaingia chumbani kwangu, anainama, anasema maneno mawili au matatu tu: "Nipe huyo, lala." Anamchukua mtoto, anambeba mgongoni, anatoka naye kwenye moto. Mtoto akizidiwa na njaa anamleta anyonye, anamchukua tena. Na mimi nalala mpaka jua linafika ukutani. Maziwa yalikuja mengi, mtoto akanenepa mikono ikaweka mikunjo. Mama yangu mzazi alinipenda, lakini hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu kitamu kama maneno yale. Hata leo nikiyakumbuka mabega yananishuka.

Nilimuuliza kama hachoki. Akasema, "Usingizi uliniacha baada ya mtoto wa mwisho. Watoto walikuwa wengi, kila siku nauamsha, nauamsha. Mwisho ukazoea kuamka wenyewe."

Sasa kulikuwa na jirani yetu upande wa pili wa ua, Mbena wa Njombe, mke wa fundi cherehani. Mwanamke mwema, mchapakazi, ila mwoga. Mtoto wake alikuwa mdogo kuliko wangu, meno yanamsumbua, halali, na mwili ulikuwa umeanza kumpungua. Yule mama alikuwa amekesha mpaka macho yamekuwa mekundu kama ya mtu aliyepuliza kuni mbichi.

Nilikuwa nimemwambia mama mkwe asifagie gizani. Kwetu kufagia gizani ni kufukuza baraka, na watu hawapendi kuusikia ufagio saa hizo. Alinijibu, "Giza liko wapi? Mimi naona." Basi alfajiri moja jirani alifungua mlango kumwaga maji, akamkuta mama mkwe ameinama na kaniki yake nyeusi anafagia mbele ya kizingiti chake. Mama mkwe akanyooka, akamtazama kwa adabu, akauliza:

"Umelala?"

Na mtoto hakuwa amelala. Jirani akafunga mlango kwa kishindo.

Kabla ya mchana maneno yalikuwa yamefika bombani. Yule mama wa Mbeya anaamka usiku. Anafagia vizingiti vya watu. Anauliza kama watu wamelala. Mtu anayeuliza kama wenzake wamelala anataka nini? Wakakumbushana kuwa ameshamuuliza fulani, na fulani akaumwa tumbo. Ameshamuuliza muuza unga, na gunia likatoboka. Sitalitaja lile neno walilomwita. Kila mtu anajua bibi kizee asiyelala huitwaje.

Nilimfuata jirani jikoni.

"Dada, ile ni salamu tu."

"Salamu ni kamwene."

"Kwao ni ile."

"Na kwao wanafagia usiku?"

"Ni uzee. Mtu akizeeka halali sana."

"Bibi yangu alizeeka kuliko huyo. Na alikuwa analala."

"Alikuwa anaamka saa ngapi?"

Akafikiri. "Sijui. Nilikuwa nimelala."

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Akachukua sufuria yake na kumkaza mtoto mgongoni, akaondoka. Nilimwona mtoto alivyolegea, kichwa kinaning'inia, na kicheko kikaniisha. Mwanamke ambaye mtoto wake anapungua humwelezi lugha za watu.

Wapangaji wakaenda kwa mwenye nyumba. Yeye akawaambia, "Kama kuamka alfajiri ni uchawi, basi mimi nimewamaliza wote zamani." Wakacheka kidogo, lakini hawakuondoka. Akaona hawaondoki. Jioni akamwita mume wangu, aliyekuwa amerudi safari, akamwambia kwa upole kwamba yeye hana neno na bi mkubwa, ila nyumba ni ya watu wengi, na watu wakiogopa hawana simile.

Mume wangu alirudi chumbani akakaa kitandani na kofia mkononi.

"Safari ijayo namrudisha Uyole," akasema.

"Kwenye nyumba ipi? Ile yenye kuta tatu?"

"Nitamwomba jirani amtazame. Mpaka maneno yapoe."

"Na ndugu yako hayupo."

"Unataka nifanye nini? Unataka waje wamtoe wao?"

Alikuwa anampenda mama yake. Ndiyo maana alikuwa anaogopa. Sote wawili tulijua mama akirudi kule atakaa peke yake kwenye baridi ya Uyole, upepo unaingia ndani, hana wa kumchotea maji wala wa kumsalimu. Watu wanakufa hivyo, na wanaonekana siku ya tatu.

Tuliongea kwa kunong'ona. Lakini mtu asiyelala husikia.

Asubuhi iliyofuata sikusikia ufagio. Mtoto alilia, akalia sana, nikaamka mwenyewe nikashangaa kwa nini nimeamka. Nikaenda sebuleni alikokuwa analala mama mkwe. Alikuwa amenyooka kwenye mkeka, blanketi limefika kidevuni, mikono pembeni, macho wazi yanatazama dari.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana. Nimelala."

"Na macho wazi?"

"Ndiyo ninajifunza." Akanigeuzia uso. "Mkamwana, wewe unalala vizuri sana. Sijaona mtu anayelala kama wewe. Nifundishe kulala. Nimesahau."

Aliyasema maneno hayo kama mtu anayeomba aonyeshwe namna ya kusuka kikapu. Nilikaa chini pale kwenye mkeka. Nilitaka kulia, lakini mimi si mtu wa kulia mbele ya wakwe.

"Haya," nikasema. "Nitakufundisha."

"Ukilala, unaanzia wapi?"

"Sianzii mahali, mama. Unakuta nimeshafika."

Akatikisa kichwa. "Hilo si somo."

Basi nikafundisha. Kwanza nilimzuia kusinzia mchana. Akiegemea ukuta, namtikisa. Nikamchukua bondeni kulima viazi ili achoke. Alilima kunishinda, akarudi akaamka saa zake zilezile, ila sasa mgongo unamuuma. Nikatafuta ulanzi, pombe ile ya mianzi ya kwetu, nikampa kikombe jioni. Akanywa, akaimba kidogo wimbo wa harusi, akalala mapema kuliko siku zote. Akaamka mapema kuliko siku zote, na kichwa kinamgonga. Ikawa tuna bibi asiyelala, mwenye mgongo na kichwa, amelala chali gizani anajifanya amelala.

Na salamu aliiacha. Alipita bombani anatazama chini. Mwenye nyumba akaniuliza, "Bi mkubwa anaumwa? Siku hizi hanisalimu." Kule kunyamaza kwake ndiko kuliniuma kuliko yote, maana alikuwa anapenda watu.

Siku moja alikuwa anasonga ugali, nikamwona amesimama, mwiko umesimama sufuriani, yeye amelala. Amelala wima, uso umekuwa mdogo. Niliutoa mwiko mkononi mwake taratibu, nikamkalisha ukutani kwenye jua, nikamfunika.

Alipoamka nikamwambia, "Mama, acha. Wewe amka saa yako."

"Nikiamka nitarudishwa."

Kumbe alijua yote tangu siku ile. Nikamshika mkono. Mkono wake ulikuwa na joto la jua.

Siku ya safari ikafika. Lori lilipakiwa jioni, liondoke kabla hakujakucha. Mama mkwe alifunga mzigo wake: mkeka, chungu, nguo zake kwenye kanga. Alimwambia mwanawe, "Lala, nitakuamsha." Ndivyo alivyofanya kila safari, mume wangu bila mama yake alikuwa hajui alfajiri inafananaje.

Yanayofuata nasimulia kama alivyonisimulia jirani yetu mwenyewe, maana mimi, kama kawaida, nilikuwa nimelala.

Fundi cherehani alikuwa amekwenda msibani Njombe. Jirani yuko peke yake na mtoto, anamzungusha chumbani siku ya ngapi hiyo, miguu haina nguvu. Kumekaribia kucha. Mtoto analia kile kilio kilichochoka. Akasikia mlango unagongwa kidogo, kwa ukucha. Akafungua, alidhani ni mimi. Alikuwa mama mkwe, amesimama na blanketi lake.

Mama mkwe hakumsalimu. Alinyoosha mikono tu.

"Nipe huyo," akasema. "Lala."

Jirani aliniambia hakufikiri. "Kama ningefikiri nisingempa," alisema. "Mikono ilifunguka yenyewe." Akamkabidhi mtoto, akarudi nyuma, akaangukia mkeka na kanga yake vilevile.

Mimi niliamshwa na mume wangu aliyekuwa anatafuta kiatu. Jua lilikuwa limefika ukutani. "Mama hajaniamsha!" anasema. "Leo mama hajaniamsha!" Akatoka nje na kiatu kimoja, nikamfuata. Na papo hapo mlango wa jirani ukafunguka kwa nguvu, akatoka nywele zimesimama, kanga imefungwa upande.

"Mwanangu yuko wapi?"

Wapangaji wakaanza kutoka. Mwenye nyumba akasimama barazani na birika lake la udhu.

Mama mkwe alikuwa karibu na jiko. Mtoto yuko mgongoni kwake, amefungwa kwa blanketi, shavu limebonyea kwenye bega, mdomo wazi, udenda umechora alama ndefu kwenye kaniki. Amelala fofofo. Na mama mkwe alikuwa anafagia, polepole, anainama na kunyooka, anainama na kunyooka, na kila akiinama mtoto anabembea. Ndipo nilipoelewa ule ufagio. Hakuwa anafagia takataka. Alikuwa amelea watoto wake wote kwa mwendo ule.

Akatuona, akasimama. Alimtazama mwanawe, akanitazama mimi. Nilimwona anatafuta la kusema, maana lile lake alijua limeshaharibu mambo. Lakini hakuwa na jingine. Akamgeukia jirani, akamuuliza kwa sauti ndogo:

"Umelala?"

Jirani alikuwa ameshika kizingiti. Macho yalikuwa yamemvimba kwa usingizi, na shavuni alikuwa na alama za mkeka, kama nilizokuwa nazo mimi siku ile ya maharage.

"Nimelala, mama," akasema. "Nimelala sana."

"Ndaga," akasema mama mkwe.

Mume wangu akakumbuka lori. "Haya mama, tumechelewa, twende. Mzigo uko wapi?"

"Anakwenda wapi?" akauliza jirani.

Mume wangu akamshangaa, maana yeye ndiye aliyeanza. "Uyole."

"Na mtoto mgongoni?"

"Mchukue mtoto wako, dada."

"Mtoto amelala," jirani akasema kwa ukali, kwa sauti ya chini. "Hujui amekesha siku ngapi? Utamfungua aamke? Wewe una lori, nenda na lori lako."

Mwenye nyumba akakohoa, akaingia ndani kwake. Mume wangu alisimama pale na kiatu kimoja, anatazama wanawake, mmoja baada ya mwingine. Kisha akaja kwangu, akauliza polepole kiatu cha pili kiko wapi. Kilikuwa chini ya kitanda. Akavaa, akaenda. Alisema atampeleka safari nyingine. Safari nyingine ikaja, hakusema kitu, na mimi sikumkumbusha. Mzigo ulikaa umefungwa pembeni ya mlango mpaka siku nilipokuwa natafuta sabuni nikaufungua.

Sitasema watu wa bombani waligeuka siku moja. Wengine waliendelea kuvuka njia wakimwona anakuja. Lakini jirani aliacha mlango wake bila komeo alfajiri, na ikawa bibi anatembea na watoto wawili, mmoja mgongoni, mwingine amekaa karibu na moto anatafuna kiazi. Jino la yule mdogo lilitoka, akanenepa. Na baada ya muda wanawake wa ua ule wakawa wanasalimiana "umelala?" hata mchana, kwa mzaha kwanza, kisha bila mzaha. Mama mkwe akaanza tena kusinzia ukutani kwake na hakuna aliyemtikisa. Ukipita ulikuwa unakunja kivuli chako usimzibie jua.

Baadaye tulihamia Mbeya, watoto wakaongezeka, naye akawachukua wote mmoja mmoja alfajiri, mpaka nguvu zilipokwisha. Mimi nililala. Nasema bila kuficha, nililala miaka yote ile. Kisha, nimeshapata wajukuu, siku moja nikaamka jogoo hajawika. Nikajigeuza, nikangoja usingizi urudi. Haukurudi. Nikasema, aa, ni wewe. Nikaamka nikawasha moto.

Juzi chumba cha pili kitukuu kilikuwa kinalia. Mama yake ni msichana, analala kama nilivyokuwa nalala mimi, na mumewe vivyo hivyo. Nilisikiliza kidogo, nikaenda, nikagonga kwa ukucha. Akafungua macho nusu.

"Nipe huyo," nikamwambia. "Lala."

"Na wewe, bibi? Hata vidonge hunywi."

"Mimi nililala zamani," nikasema. "Nenda Ilula kawaulize ndege."